Somo la Bamvua

Mwaka 2015 nilikuwa nikifundisha Jiografia kidato cha kwanza katika shule moja ya serikali mjini Tanga. Wanafunzi wangu walitoka shule za msingi ambako kwa miaka saba walikuwa wamesoma kila somo kwa Kiswahili, isipokuwa Kiingereza chenyewe, na sasa vitabu vyote vilivyokuwa mbele yao, ukiondoa cha Kiswahili, vilikuwa vya Kiingereza.

Siku ninayoikumbuka ni Jumatatu ya tarehe 23 Machi. Mada ilikuwa kupwa na kujaa kwa bahari, nayo iliangukia wakati mzuri, kwa kuwa Ijumaa iliyotangulia mwezi ulikuwa umepita kati ya jua na dunia, jua likapatwa huko kaskazini mwa Atlantiki, na bamvua lililofuata, yaani zile siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, lilikuwa kubwa kupita kawaida. Siku hiyo hiyo mkaguzi aliingia akaketi dawati la nyuma.

Nilianza kwa Kiingereza, kama kanuni ilivyotaka. Nilipouliza kwa nini maji hujaa, alijibu msichana mmoja tu, akiitoa sentensi ya kitabuni neno kwa neno na kwa matamshi mazuri. Nilipomwomba aoneshe ubaoni mwezi ulipo, aliinamisha kichwa. Ukimya wa darasa la namna hii mgeni huudhania kuwa ni ujinga. Nikawaambia waelezane kwa Kiswahili walichokiona pwani tangu Ijumaa.

Kijana mmoja wa Sahare, ambaye tangu Januari sikuwa nimemsikia akisema zaidi ya "ndiyo, Mwalimu", alieleza jinsi baba yake alivyolazimika kuivuta ngalawa juu zaidi ya siku zote, jinsi maji yalipokupwa wanawake walivyofika mbali miambani kutafuta pweza, na kwamba kila siku maji hujaa kwa kuchelewa, karibu saa nzima, kuliko jana yake. Mwenzake alibisha kuwa bamvua huja mwezi mpevu tu. Akajibiwa na darasa karibu zima kwamba huja hata mwezi ukiwa gizani. Nikachora jua, mwezi na dunia katika mstari mmoja, kisha nikauliza mwezi uwe wapi siku za maji mafu, yaani maji yanapojaa na kupwa kidogo tu. Walinielekeza wao kuuhamishia pembeni, hadi ukafanya pembe mraba na jua.

Ndipo tukarudi kwenye Kiingereza. Niliandika mianzo ya sentensi tatu na orodha fupi ya maneno, wakazikamilisha wawili wawili, kwanza kwa mdomo, kisha kwa kalamu. Vitenzi vilipinda, lakini jua na mwezi vilikaa mahali pake, na sikusahihisha sarufi isipokuwa pale ilipoharibu maana. (Mwalimu wa Jiografia anayesahihisha kila kitenzi mbele ya darasa hupata utulivu mkubwa na majibu machache.)

Ofisini mkaguzi aliniambia, "Mwalimu, somo limeeleweka, lakini mtihani wa taifa utakuja kwa Kiingereza." Nilimjibu, "Ndiyo, mzee, ndiyo maana tumemalizia kwa Kiingereza," nikamfungulia madaftari. Tulijadiliana kwa heshima, na kwa Kiswahili, kama vikao vyetu vyote. Yeye mwenyewe alikumbusha kwamba tume iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari, na serikali haikutekeleza. Sera mpya ya elimu, iliyozinduliwa mwezi mmoja tu kabla, ilizitaja lugha zote mbili, ila shuleni kwetu hakuna kilichokuwa kimebadilika. Katika taarifa yake aliandika kuwa somo lilikuwa zuri na mwalimu apunguze Kiswahili.

Mtihani wa nusu muhula, uliotungwa kwa pamoja na shule kadhaa na kusahihishwa na walimu wa nje, ulidai aya kuhusu bamvua. Msichana aliyekariri alipata alama 9 kati ya 10. Kijana wa Sahare alipata 4, zote za mchoro. Nilizipeleka karatasi zote mbili kwa mwalimu wa Kiingereza, tukakubaliana kwamba muhula wa pili mazoezi yake ya kuandika yatokane na mada zangu, tukianza na ramani.