Shida iko upande wa baridi
Wenzangu mnaojaribu kupata umeme kutokana na joto la jiko la mkaa: moto si tatizo, upo tele. Kazi ni kuliondoa joto upande wa pili. Kibati cha thamoelektriki hutoa umeme kwa tofauti ya joto kati ya pande zake mbili, jambo aliloligundua mwanafizikia Seebeck mwaka 1821, na unene wake ni milimita chache tu! Upande wa baridi ukipata moto, volti zinashuka, taa inafifia. Mapezi ya alumini (vibamba vya kutawanyia joto hewani) bila feni hayakunitosha. Sufuria ya maji kwenye upande huo wa baridi ndiyo iliyonifurahisha, maana maji hayapiti nyuzi 100 hata yakichemka. Pakeni pia grisi ya kupitisha joto kati ya kibati na sufuria. Hewa ikibaki katikati inalizuia joto. Ufanisi bado mdogo, lakini taa yangu imetulia.