Chumvi Ndani ya Chesisi

Rangi nilikuwa nimeshaichagua. Kijani kilichopauka kidogo, paa jeupe, ringi nyeupe za inchi 16 zenye tairi za 7.50. Ilikuwa Agosti 2013, katikati ya kiangazi, na pikapu ilikuwa juu ya magogo uani kwa fundi, Nyakato, Mwanza: Land Rover 109 Series III ya mwaka 1977, injini ya petroli ya silinda nne, cc 2,286. Nilikuwa nimeinunua Kirumba, kwa mtu aliyeitumia miaka mingi kusomba samaki mwaloni. Kwa macho ilipendeza. Bodi ya Land Rover ya enzi ile ni aluminiamu, haishiki kutu, kwa hiyo hata gari lililokwisha kabisa huweza kusimama mbele yako na mashavu yake mazima ukadhani linahitaji msasa na rangi tu.

Mzee wetu wa gereji hakuiangalia bodi. Alitandika gunia, akalala chali, akaingia chini na nyundo ndogo na kuanza kugonga chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, kutoka mbele kurudi nyuma, kila baada ya upana wa kiganja. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinajibu kwa sauti fupi, nzito, kama unagonga debe lililojaa mchanga. Mbele kulilia vizuri, kulia na kushoto. Chini ya viti kulilia. Alipovuka ekseli ya nyuma mlio ukafifia, na kama sentimita 40 kabla ya krosimemba ya mwisho, chuma kinachokingama kati ya pande mbili za chesisi, nyundo haikulia kabisa. Iliingia.

Alitoka na kipande cha kutu mkononi, kikubwa kama kucha ya dole gumba, kimejipanga tabaka juu ya tabaka kama kitunguu. Akakigusa kwa ncha ya ulimi.

"Chumvi," akasema. "Mwanangu, hii ilikuwa inabeba kayabo."

Wengi hudhani gari la Mwanza haliwezi kuoza kama la Tanga au Mtwara, kwa kuwa ziwa letu ni la maji baridi. Ni kweli ziwa halina chumvi. Chumvi inakuja na mzigo: sangara aliyepasuliwa, akakolezwa chumvi na kuanikwa, anayesafirishwa hadi Kongo. Kayabo ambayo haijakauka sawasawa inachuruza. Maji yake yanapita kwenye viungo vya sakafu, yanadondoka juu ya krosimemba na kuingia kwenye matundu ya chesisi. Na chesisi ya gari hili ni boksi, bati nne za unene wa kama milimita 2 zilizochomelewa kwenye kona zake, ndani hakuna anayefika kuosha. Vumbi likishaingia linakuwa tope, tope linashika chumvi, chumvi inavuta unyevu hata wa hewani, na chuma kinaliwa kutoka ndani huku nje rangi nyeusi bado inang'aa. Aliyeniuzia alikuwa akipaka oili chafu chini ya gari kila mwaka. Nje ilisaidia kweli. Ndani haikufika hata tone.

Habari za rangi ziliishia hapo kwa wakati ule. Kazi ikawa kukata nyuma yote na kuijenga upya.

Tangi la mafuta lilitoka kwanza, pamoja na paipu zake, likapelekwa nje ya uzio. Tangi tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu kinacholipuka ni mvuke. Betri ikafunguliwa na alternata, ile inayochaji betri, ikachomolewa waya zake, maana umeme wa kuchomelea unaua daiodi zake mara moja. Halafu bodi ya nyuma. Boli zake ni za inchi, 5/16, spana ya nusu inchi, na hapa ndipo tulipokuta mkono wa mafundi waliotangulia. Kwa macho, boli ya 5/16 na ya milimita 8 ni mapacha. Vipenyo vyake havipishani hata sehemu moja ya kumi ya milimita. Lakini meno ni tofauti. Ile ya milimita 8 inaingia mizunguko miwili kwenye nati ya inchi, inakaza, fundi asiye na subira anaongeza nguvu, na meno yanakwisha. Kati ya boli kumi na nne, tisa tulizikata kwa grainda. Nyingine zilikuwa zimeingia kwa mshazari, zimelazimishwa kwa mtaimbo, kwa sababu matundu ya bodi na ya chesisi yalikuwa yameshaachana. Dalili hiyo ungeweza kuiona kabla ya kununua: chungulia chini, ukikuta boli imelala upande, jua chesisi imeshazunguka au imeshuka.

Watu sita waliinua bodi na kuiweka kwenye matofali. Kila mahali aluminiamu ilipokuwa imekaa moja kwa moja juu ya chuma kulikuwa na unga mweupe, na chini ya unga bati limekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Metali hizo mbili zikigusana kwenye maji ya chumvi zinafanya kazi ya betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Hapo hakuna puti itakayosaidia. Tulikata sehemu zile na kuweka viraka vya aluminiamu kwa ribiti.

Siku mbili nzima zilikuwa za kuosha, na naziheshimu siku zile kuliko zote. Ukichomelea au kupaka rangi juu ya chumvi, umeifungia ndani. Baada ya miezi rangi inavimba vipele. Tulikwangua tope la ndani kwa waya wa nondo ya milimita 6 uliokunjwa ncha, tukaingiza mpira wa maji, tukasukuma maji ya moto yenye sabuni, kisha maji matupu, mara nne. Mzee alikuwa akilowesha kidole kwenye maji yanayotoka na kuonja. Mara ya nne akatikisa kichwa: hakuna kitu.

Kabla ya kukata, chesisi ilipimwa. Hatukuwa na meza ya kunyooshea, tulikuwa na mpira wa waashi, ule wa plastiki unaoonesha maji ndani. Unaujaza maji, unatoa mapovu yote, unasimamisha ncha moja mbele na nyingine nyuma, na usawa wa maji haudanganyi. Tuliweka vipande vya mbao chini ya magogo mpaka pointi nne zikalingana. Kisha vipimo vya mkingamo: kutoka kwenye tundu la pini ya springi la mbele kushoto hadi la nyuma kulia, halafu kinyume chake. Vikilingana, chesisi imekaa mraba. Yetu ilipishana milimita 6 kabla hatujagusa kitu. Tukaivuta kwa jeki na mnyororo hadi 2, na hapo hapo tukaibana kwa vyuma vya engo, vyenye umbo la L, vya milimita 40 kwa 40, vilivyoshikizwa kwa kuchomelea kutoka upande mmoja hadi mwingine, viwili vikiwa vimelala msalaba.

Wakati bati za milimita 3 zinakunjwa kwa mtu mwenye mashine, tulifungua kabureta. Ilikuwa Zenith, na ugonjwa wake unajulikana: uso unaokutana na kifuniko cha juu hupinda kwa joto na kwa skrubu zilizokazwa kupita kiasi, petroli inajipitisha pale pasipotakiwa, injini inakunywa mafuta na kuzima kwenye sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagiwa mafuta. Dawa yake ni kipande cha kioo kinene, msasa wa maji namba 400 juu yake, na kusugua kwa mduara bila kukandamiza mpaka uso wote uwe na rangi moja. Halafu oringi mpya, ile pete ya mpira. Saa moja na nusu, kazi imekwisha.

Mkato tuliufanya kwa mshazari. Ukikata wima na kuunga wima, nguvu yote ya mzigo inaangukia mstari mmoja, na chesisi itavunjika palepale. Kipande kipya kilitengenezwa kiwe kipana kidogo ili kivae juu ya kile cha zamani kwa sentimita 10, kikakaa hadi kwenye chuma kilicholia vizuri. Usiunge kwenye chuma kinachoonekana kizima, unga kwenye chuma kilicholia. Kati ya hivyo viwili tulikuta tofauti ya sentimita 15.

Na hapa tuliharibu. Vijiti vya kuchomelea vilikuwa vya milimita 2.5, umeme kama ampea 80, mchomeleaji hodari, mistari yake mizuri kama mshono wa cherehani. Jioni ilikuwa inaingia, nikamwambia amalize upande wa kushoto wote kabla umeme haujakatika. Akamaliza. Asubuhi tulipopima, mikingamo ilipishana milimita 11. Vyuma vya engo vilikuwa palepale, lakini kimoja kilikuwa kimepinda katikati kama upinde. Chuma kinachochomelewa kinatanuka kikiwa cha moto, na kikipoa kinajivuta. Mstari mrefu mfululizo unajivuta wote kwa pamoja kuelekea upande mmoja, na hakuna engo ya milimita 40 itakayouzuia.

"Chuma hakina haraka, baba," Mzee alimwambia mchomeleaji, ingawa haraka ilikuwa yangu na nilisema hivyo.

Tulikata mshono wote. Safari ya pili tulishikiza kwanza kwa nukta, moja kushoto, moja kulia, moja juu, moja chini, tukapima. Kisha vipande vya sentimita 3 tu: kimoja upande huu, unazunguka unaenda upande wa pili, unarudi, na kila baada ya vipande vinne unaacha chuma kipoe mpaka uweze kukishika kwa mkono. Usimwagie maji ili kiwahi, maana kinakuwa kigumu na kupasuka pembeni mwa mshono. Ganda la juu linagongwa lote kabla ya kuongeza kipande kingine, la sivyo uchafu unabaki ndani na mshono unakuwa na matundu. Tuliweka ubao na chaki, tukiandika vipimo kila tulipoacha. Kazi ya jioni moja ikachukua siku mbili na nusu. Mikingamo ikaishia tofauti ya milimita 2, ile ile tuliyokuwa nayo kabla ya kuchomelea.

Tulipaka redi oksaidi, praima ya kuzuia kutu, mara mbili siku ya mwezi kuandama, bila kufikiria. Kuelekea saa ya magharibi wingu la wadudu wa ziwani likapanda kama moshi, na kufikia usiku chesisi ilikuwa na manyoya. Praima ilibidi isuguliwe yote kwa msasa namba 180 na kurudiwa, safari hii saa moja asubuhi, chini ya turubai. Anayepaka rangi Mwanza aangalie mwezi kwanza.

Ndani ya boksi rangi haifiki. Tulitoboa matundu ya milimita 12 sehemu za chini kabisa ili maji yatoke, na kutoka juu tukanyunyizia grisi kilo 2 iliyoyeyushwa kwenye oili mpya lita 3, ikiwa ya vuguvugu, kwa bomba la kompresa lililofungwa mpira mwembamba wenye matundu ubavuni. Grisi huyeyushwa kwa kuweka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Oili tuliweka mpya kwa makusudi, kwa kuwa chafu ina asidi na maji ndani yake. Unajua umejaza ikianza kuchungulia kwenye viungo. Bushi za springi na mipira ya breki tulifunika kwa nailoni, maana oili inavimbisha mpira.

Tyubu kuukuu ya lori ilikatwa mikanda ya upana wa sentimita 5, ikalazwa kila mahali aluminiamu itakapokaa juu ya chuma, na kila boli ikapata washa ya mpira juu na chini. Boli zote zilikuwa mpya, 5/16, zilizopakwa zinki. Tulizihesabu kwenye kopo na kuzijaribu moja moja kwenye nati zake kwa mkono.

Watu sita walirudi. Bodi ilishushwa polepole, Mzee akiwa chini na tochi, mimi nikiwa juu na boli mfukoni. Nilianza na ya kona ya kushoto nyuma, ile iliyokuwa imelala zaidi kuliko zote tulipofungua. Niliitia kwenye tundu, ikashuka hadi chini kwa uzito wake. Mzee akaweka nati, akaizungusha kwa vidole viwili.

"Lete nyingine," akasema.