Nyaya nne za sensa ya oksijeni, na rangi zisizoelewana

Mashine ya kusomea hitilafu za gari ilitoa kodi (namba ya hitilafu) P0135: hita ya sensa ya oksijeni ya mbele, ile inayopima oksijeni kwenye moshi kabla ya katalaiza, kisafisha moshi cha ekzosi. Sensa hii haifanyi kazi mpaka ifike joto la kama nyuzi 300, na hita ndiyo inayoiwahisha. Hita ikifa, asubuhi Toyota yangu inakunywa petroli kwa kukisia, na nyuma harufu yake unaisikia. Niliigusisha mita kwenye nyaya mbili za hita, haikusoma kitu. Imekatika.

Sensa yenye plagi yake ilikuwa juu ya uwezo wangu. Duka la spea Ngamiani, hapa Tanga, wakanipa ile ya magari yote, nyaya nne bila plagi, uzi uleule wa kukazia wa milimita 18. Kabla ya kutoa hela nilihakikisha gari langu linatumia sensa ya kawaida ya zirkonia. Toyota nyingi za baadaye zina sensa ya uwiano wa hewa na mafuta sehemu hiyohiyo. Kwa sura ni ndugu, kwa kazi hazishikiani zamu.

Ya zamani ilitoka kwa mafuta ya kutu, ekzosi ikiwa vuguvugu. Nikaikata nikibakiza plagi na mkia wake, ili ule mkia ndio niungie sensa mpya.

Hapo sasa. Mkia wa zamani, wa kampuni ya Denso: nyeusi mbili za hita, buluu ya ishara, nyeupe ya hasi ya ishara. Mpya: nyeupe mbili za hita, nyeusi ya ishara, kijivu ya hasi yake. Kijana aliyekuwa ananishikia taa alishaanza kukutanisha nyeusi na nyeusi.

"Kaka, si rangi moja hii?"

Rangi moja, kazi mbili. Nyeusi ya mkia ni njia ya volti 12 za hita. Nyeusi ya sensa mpya ni ya ishara, ambayo kwa kawaida haifiki hata volti moja. Ukiziunga, unaweza kuua sensa mpya kabla haijaonja moshi.

Kwa hiyo mita tena. Nyeupe mbili za sensa mpya zilisoma ohmu chache: hita, na ni nzima. Kwenye plagi ya upande wa gari, nikiwa nimewasha swichi ya ufunguo, tundu moja la hita likatoa volti 12. Hasi yake inatoka kontroli boksi, kompyuta ya injini. Hita haichagui chanya na hasi, basi nyeupe yoyote ikaenda kwenye nyeusi yoyote. Nyeusi kwa buluu, kijivu kwa nyeupe.

Fundi umeme jirani alishauri niunge nyaya kwa risasi ya kuyeyusha "ili ishike". Nilikataa kwa heshima. Sensa ya namna hii huvuta hewa safi ya kulinganishia kupitia ndani ya nyaya zake, na risasi huziba njia hiyo. Nilitumia viungio vya kubana kwa koleo, nikavipishanisha visikae sehemu moja, kisha mipira yenye gundi inayosinyaa kwa joto. Kwa chumvi ya hewa ya Tanga, kiungo kilicho wazi hakikai. Nyaya nikazifunga mbali na ekzosi.

Injini ilipopata moto niligusisha mita kwenye buluu: volti 0.1, 0.8, 0.2, 0.9, inapanda na kushuka bila kutulia, na ndivyo inavyotakiwa. Nikafuta kodi, nikaenda hadi Pongwe na kurudi. Taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka.