Kupigia kura madiwani Scotland: andika namba, usiweke alama ya X

Ndugu mnaoishi Scotland, hili watu hulikosea. Tangu Mei 2007 madiwani wa halmashauri zote 32 huchaguliwa kwa kura moja inayohamishika. Kata nyingi zina madiwani 3 au 4. Unaandika 1 kwa unayempenda zaidi, 2 kwa anayefuata, na kuendelea hadi utakapochoka. Ukiishia 1 kura yako ni halali, lakini ukiwapa 1 wagombea wawili, karatasi inakataliwa.

Kwa kawaida mshindi hufikia kiwango fulani cha kura. Chukua kura halali, gawanya kwa viti ukiongeza kimoja, acha desimali, kisha jumlisha 1. Kura 6,000 kwa viti 3: 6,000 kwa 4 ni 1,500, kwa hiyo kiwango ni 1,501. Aliyepata 2,000 ana ziada ya 499. Hapo karatasi zake zote 2,000 huhamia chaguo linalofuata, kila moja ikiwa na thamani ya 0.2495. Ziada ikiisha na viti bado vipo, wa mwisho hutolewa na kura zake huhama. Ndiyo maana kuandika 2 na 3 hakumpunguzii namba 1 wako chochote.

Mwaka 2007 uchaguzi huu uliangukia siku moja na wa Bunge la Scotland, ambao ulitumia X. Kuchanganya mitindo miwili siku moja lilikuwa kosa kubwa. Tangu 2012 hufanywa siku tofauti.

Umri ni miaka 16, na mgeni mwenye kibali halali anaruhusiwa. Jiandikisheni mapema!