Mauretania

Tangu Jumanne sijatulia, na sababu yake ni swali la mtoto mmoja wa kidato cha pili. Nilikuwa nikieleza jinsi mataifa ya Ulaya yalivyoshindana kwa meli za abiria katika Atlantiki, nikaitaja Mauretania, iliyoshushwa majini mwaka 1906 na kushikilia rekodi ya kasi tangu 1909 hadi 1929. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, imekuwaje meli ya Waingereza ikapewa jina la Afrika?"

"Ni majina tu, mwanangu. Keti, tuendelee."

"Ahsante, mwalimu," akasema, akaketi, na hakuuliza tena hadi kengele ilipolia.

Wiki hii mdogo wangu ameposwa na matokeo ya moko yametoka, lakini kila nikilala nasikia sauti yangu mwenyewe: ni majina tu. Si majina tu. Kampuni ya Cunard iliipa meli hiyo, pamoja na dada yake Lusitania iliyozamishwa na Wajerumani mwaka 1915, majina ya majimbo ya Dola la Roma. Lusitania ilikuwa sehemu kubwa ya Ureno ya leo na kipande cha Hispania. Mauretania ilikuwa kaskazini mwa Moroko na Algeria, wala si Mauritania tunayoiona kwenye ramani, ambayo iko mbali zaidi kusini.

Alhamisi usiku nikasoma habari za mfalme wake, Juba wa Pili, msomi aliyeandika vitabu kwa Kigiriki, na mkewe Cleopatra Selene, binti wa Cleopatra malkia wa Misri. Mwana wao aliuawa kwa amri ya Caligula, kaisari wa Roma, mwaka 40 baada ya Kristo, kisha Claudius aliyemrithi akaigawa nchi kuwa majimbo mawili, moja likitawaliwa kutoka Tingis, ndiyo Tangier ya sasa. Nilipofika hapo aibu iliniondoka, nikajawa na furaha ambayo sijaipata darasani kwa muda mrefu, kwa kuwa mtoto yule aliliona jambo ambalo mimi nimelipita miaka yote: kabla ya kuwa la meli, na kabla ya kuwa la jimbo la Warumi, jina lile lilitokana na Wamauri, watu wa Afrika.

Jumatatu nitamwomba alirudie swali lake mbele ya wenzake, nami nitalijibu kwa kipindi kizima.