Nilivyoandika tasnifu ya vita vya msituni bila faili la siri

Ukisema unasomea mkakati wa usalama wa taifa, watu wa Nairobi hudhani una mjomba jeshini anayekupenyezea mafaili. Tasnifu yangu ya udaktari niliijenga kwa vyanzo vilivyo wazi tu, na nadhani ndivyo inavyofaa: data isiyoweza kukaguliwa na mtahini haimshawishi.

Kwanza nililibana swali. "Ugaidi nchini Kenya" ni mada ya gazeti. Langu lilikuwa: baada ya jeshi letu kuingia Somalia Oktoba 2011, al-Shabaab walibadilisha shabaha zao katika kaunti za Mandera, Wajir, Garissa na Lamu? Hapo kuna eneo, muda na kitu cha kuhesabu.

Vibali vina mpangilio: idhini ya chuo, kamati ya maadili, ndipo NACOSTI, tume ya taifa inayotoa leseni za utafiti. Kichwa cha utafiti kiwe kilekile, neno kwa neno, kwenye karatasi zote. Ukifika kaunti, pitia kwa kamishna kabla ya kumhoji yeyote.

Kazi yenyewe ni jedwali la matukio, na hapo ndipo wengi huharibikiwa. Nilianzia na hifadhidata mbili za wazi za matukio ya vita na ghasia, ACLED na UCDP. UCDP hurekodi tukio lenye angalau kifo kimoja; ACLED hurekodi hata lisilo na kifo. Mlingoti wa simu ukilipuliwa Wajir bila mtu kufa, UCDP hauuoni. Kwa swali la shabaha, milingoti ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo sikuzijumlisha hesabu zao. ACLED ikawa msingi, UCDP ikakagua vifo.

Chukua Mpeketoni, mji wa kaunti ya Lamu. Shambulio lilianza usiku wa Juni 15, 2014, magazeti yakalitangaza kesho yake, na usiku uliofuata vijiji vya jirani vikavamiwa. Ukifuata tarehe ya habari, usiku mbili zinageuka tukio moja, au moja linahesabiwa mara mbili. Al-Shabaab walikiri kuhusika. Rais Uhuru Kenyatta akasema ni mitandao ya kisiasa ya huko huko. Kwa hiyo niliweka safu mbili za mhusika, aliyedai na aliyetajwa na serikali, na safu tatu za vifo: kima cha chini, kinachoaminika zaidi, cha juu. Kisha nilifanya uchambuzi mara mbili, pamoja na matukio yenye utata na bila hayo. Watahini huuliza hilo bila kukosa.

Mtego mwingine ni ramani. Mwandishi wa habari akitaja eneo kwa ujumla tu, viwianishi, yaani namba za mahali kwenye ramani, huwekwa kwenye mji mkuu wa eneo hilo, na Mandera mjini inaonekana kushambuliwa kuliko ilivyo. Safu ya usahihi wa mahali ipo, wengi hawaifungui. Matukio yenye usahihi hafifu niliyaacha kwenye hesabu nikayatoa kwenye ramani.

Sura ya vita vya Shifta, 1963 hadi 1967, vya Wasomali wa kaskazini mashariki waliotaka kujitenga na Kenya, niliiandikia kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi, ambako nyaraka za umma hufunguliwa zikitimiza miaka 30. Anza na ripoti za mwaka za wakuu wa wilaya, maana ndizo zinazotaja mifugo iliyotwaliwa na vijiji vilivyohamishwa. Za ukoloni zilizopelekwa Uingereza kabla ya uhuru ziko Kew, London, kwenye hifadhi ya nyaraka ya Uingereza, mfululizo FCO 141.