Uongo wa Chalinze

Simu ya kwanza iliita tukiwa Mlandizi. "Mmefika wapi?" aliuliza mdogo wangu. Nikajibu bila kupepesa macho: "Tunaingia Chalinze." Anayeijua barabara ya Dar kwenda Morogoro ataona nilichofanya: niliruka karibu kilomita 50 kwa mdomo. Kilichobaki ni gari kuufuata mdomo.

Tulikuwa tunapeleka posa. Tulikubaliana kutoka Kimara saa kumi na mbili alfajiri, tukatoka saa mbili na nusu. Nisiisingizie foleni ya Kibaha. Shati langu lilikuwa halijapigwa pasi na gari halina mafuta. (Ile methali ya haraka na baraka usiniandikie, naijua, nimeisoma nyuma ya daladala zinazokimbia kuliko zote.)

Mwenye haraka haoni watu, anaona upenyo. Bodaboda aliyebeba ndizi kwangu alikuwa upana tu wa kukwepa. Kibao cha 50 nilikiona siku ya kurudi.

Kabla ya Vigwaza nikakuta semi mbili zimefuatana, mstari wa katikati haujakatika. Nikachomoka kuovateki. Ya kwanza nikaipita. Naikaribia ya pili, basi hilo mbele, taa zinawaka na kuzima. Nikajibana katikati ya zile semi, na ya nyuma ikapiga honi ndefu ambayo naamini ilikuwa na matusi ndani yake.

Mjomba alikuwa kimya tangu Kibaha. Akaachia kishikio cha juu ya mlango taratibu.

"Mjomba," akasema, maana ndivyo tunavyoitana, "huko Chalinze tunamfukuza nani?"

"Wanatusubiri, mjomba."

"Wananisubiri mimi. Mshenga ni mimi. Posa itaongea yenyewe?"

Usiku ule nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta. Kilomita 50 kwa mwendo wa 80 ni dakika 37 na nusu. Kwa 100 ni dakika 30. Watu wanne niliwaweka rehani kwa dakika 7 na nusu, tena kama barabara ingekuwa tupu, na ile haijawahi kuwa tupu. Breki nazo zina hesabu yao. Ukipanda kutoka 80 hadi 100, umbali wa kusimama tangu ukanyage breki unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Na kabla mguu haujafika kwenye breki, kila sekunde inayopita imekula karibu mita 28. Mimi muda huo jicho moja lilikuwa kwenye simu, nikihofia iite tena.

Ikaita kweli. Mjomba akaiwahi.

"Tupo Vigwaza," akasema. Kimya. "Ndiyo, Vigwaza. Ya Chalinze kaka yako alikuwa anaota. Waambie wazee waendelee na chai."

Kisha akaitia simu yangu mfukoni mwa kanzu yake. Alinirudishia tulipofika Msamvu, Morogoro.